POSHO YA DIWANI: NI HAKI YA SHERIA AU NI HISANI YA WAKUBWA?

Wasomaji wetu wa visiwani waijua Mbeya kwa mchele na viazi vyake, lakini Mbalizi wengi hawaijui. Ni mji mdogo ulio magharibi ya jiji la Mbeya, juu ya njia kuu iendayo Tunduma na Zambia. Reli ya TAZARA yapita ubavuni mwake, kiwanda cha saruji cha Songwe ki jirani, na uwanja wa ndege wa Songwe uliofunguliwa mwaka 2012 hauko mbali. Viazi, mahindi na pareto vya Umalila hushuka kwa njia ya Shigamba, vikaja kuuzwa hapa. Sisi tuna duka katika mji huu, nasi ni watu wa pwani tuliokuja kutafuta riziki. Kwa hivyo tukiandika juu ya mambo ya bara tusidhaniwe kuwa twachungulia ua wa jirani. Leseni twakata hapa, ushuru twalipa hapa, na diwani atusemeaye, au anyamazaye, ni wa hapa.

Jambo tulitakalo kulisema leo ni moja. Mtu aliyechaguliwa na watu ili aisimamie halmashauri yao, nani apange malipo yake, na kwa chombo gani? Wako wasemao kuwa ni aibu kuzungumza khabari za fedha za waheshimiwa. Sisi twaona aibu iko katika kuzificha. Bei ya sukari imeandikwa dukani kwetu mbele ya macho ya kila mtu, na asiyeipenda hutuambia. Basi bei ya utumishi wa diwani nayo haina sababu ya kufunikwa.

Kwanza tuiangalie sheria ilivyo. Serikali za mitaa za Tanzania Bara zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982: Sheria Namba 7 kwa mamlaka za wilaya, Namba 8 kwa mamlaka za miji, na Namba 9 kwa fedha zake. Kwa sheria hizo diwani si mwajiriwa, hana mshahara. Apatacho huitwa posho: posho ya kila mwezi, posho ya kikao, nauli, na mwisho wa miaka mitano kiinua mgongo. Lakini mtu akizifungua sheria hizo akatafuta ndani yake kiasi cha posho hiyo, hatakikuta. Viwango huja kwa waraka kutoka kwenye wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa.

Na waraka si sheria. Mswada husomwa Bungeni mbele ya watu, hujadiliwa, huhojiwa, hurekebishwa, ndipo ukatiwa sahihi na Rais na kuchapwa katika Gazeti la Serikali. Waraka huandikwa na ofisi, hutiwa sahihi na mkubwa wa ofisi, ukapelekwa kwa wahusika. Mwananchi wa Mbalizi hawezi kuupinga waraka asiouona. Na alioandika Waziri mmoja, Waziri ajaye aweza kuufuta kwa kalamu ile ile.

Tazameni sasa wenzao wa ngazi ya juu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 73, yasema kuwa Wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 43 yakataza mshahara wa Rais kupunguzwa maadamu yu madarakani. Maana ya makatazo hayo si kumtajirisha mtu. Ni kwamba asiwepo awezaye kumtisha kwa riziki yake. Basi kama Rais alindwa hivyo, na Mbunge atajwa katika Katiba, kwa nini diwani, ambaye ndiye mdogo na ndiye rahisi wa kutishwa, aachiwe waraka?

Wengine watasema hilo ni neno la wanasheria, halimhusu muuza nyanya. Lamhusu sana. Baraza la madiwani hukutana kila robo ya mwaka, na kamati zake hukutana katikati: ya fedha kila mwezi, nyingine za elimu na afya na maji, za ujenzi, za uchumi. Kazi ya vikao hivyo ni kumhoji Mkurugenzi na wakuu wa idara zake: fedha za soko zimekwenda wapi, kwa nini choo cha stendi kimefungwa, kwa nini mashine ya kukusanyia ushuru ilizimwa siku ya gulio. Mkurugenzi huyo hakuchaguliwa na mtu wa Mbalizi. Huteuliwa na Rais. Na kwa miaka mingi huyo huyo ndiye aliyekuwa akitia sahihi hundi ya posho ya wale wanaomhoji, kutoka katika mapato ya ndani ya halmashauri.

Natuseme kweli. Mtu anayekudai miezi mitatu, ukamjua kuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani, atakuhoji namna gani? Atakuja kikaoni, atafungua kitabu cha hesabu, ataona shimo, kisha atakufunga tena polepole. Hatusemi wote walifanya hivyo; wako waliosimama wakasema, na tunawaheshimu. Twasema kuwa utaratibu uliwataka wawe mashujaa ndipo wafanye kazi ya kawaida.

Na chungu chenyewe hakikuwa na maji ya kutosha. Halmashauri huagizwa kutenga sehemu kubwa ya mapato yake ya ndani, kwa kadiri ya uwezo wake, kwa miradi ya maendeleo. Agizo hilo ni jema. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao, uliokuwa ukifika asilimia 5, hata asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima wa Umalila alifurahi, nasi tulifurahi pamoja naye, kwani gunia likishuka bei hata sisi twauza. Lakini posho ya diwani ilikuwa ikipikwa katika chungu hicho hicho. Kila Serikali ya juu ilipopunguza kodi ya chini, au kuihamisha, diwani aliona mfuko wake umelegea, na hapakuwa na sheria ya kumwambia kuwa stahili yake iko pale pale.

Mwezi wa Juni 2021, katika hotuba ya bajeti, Serikali ilitangaza kuwa posho ya mwezi ya madiwani, shilingi 350,000, sasa italipwa na Hazina moja kwa moja katika akaunti ya diwani. Halmashauri zenye mapato makubwa tu ndizo zilizoachwa zijilipie zenyewe. Madiwani walishangilia, na hatuwalaumu. Ila sisi wenye maduka tulikumbuka jambo lingine: katika bajeti hiyo hiyo ndimo ilimozaliwa tozo ya miamala ya simu, iliyoanza kukatwa Julai 2021, na wateja wetu wakaacha kutuma fedha kwa simu wakarudi kuzifunga kwenye kanga. Kelele zilipokuwa nyingi tozo hiyo ilipunguzwa mwaka ule ule. Hatusemi ya kwamba tozo ilikuwa ni ya posho. Twasema kuwa mambo mawili yaliyomgusa mwananchi mfukoni yalikuja katika hotuba moja, moja likapitia sheria ya fedha likajadiliwa hata likapunguzwa, na lingine likapita kama zawadi.

Zawadi hiyo iliondoa mkono wa Mkurugenzi. Lakini mkono uliowekwa badala yake ni wa nani? Ni wa Hazina, na Hazina iko Dodoma. Diwani aliyekuwa akimwogopa mtu wa wilayani sasa ana sababu ya kumwogopa mtu aliye mbali zaidi, asiyeweza hata kumwona. Kilichotangazwa kwa hotuba moja chaweza kuondolewa kwa hotuba nyingine. Hapo ndipo tunapogombana na wale wasemao kuwa jambo hili lilikwisha mwaka 2021. Mlipaji alibadilika. Hisani haikubadilika.

Je, 350,000 ni nyingi? Sisi ni watu wa hesabu, tuhesabu. Kwa mwezi wa siku 30 ni kama shilingi 11,667 kwa siku. Kwa mwaka ni 4,200,000, na kwa miaka mitano ni 21,000,000. Mtu asiyejua kazi ya diwani ataziona hizo milioni 21 akashtuka. Lakini aje akae kibarazani petu wiki moja. Diwani huamshwa alfajiri kwa msiba. Haendi mikono mitupu, na kata ina misiba mingi. Ada ya mtoto wa mjane, mbao za dawati la skuli, mafuta ya gari la kumpeleka mzazi hospitali ya Ifisi, mchango wa harusi, mchango wa timu ya mpira, simu isiyonyamaza. Akikataa ataambiwa, “tulikupa kura.” Kiti kinaitwa cha heshima, na heshima hiyo hununuliwa kila siku kwa fedha taslimu. Daftari letu la madeni limepata kubeba majina ya waheshimiwa zaidi ya mmoja, wala hatuyataji, kwa sababu walilipa. Walilipa posho ilipotoka, nayo ilitoka ilipotaka.

Mtu wa namna hiyo akitokewa na mwenye kutafuta kiwanja cha njiani, au zabuni ya kokoto, akapewa bahasha, tutamlaumu, na lawama itakuwa haki yake. Ila tutakuwa tumemlaumu nusu tu ikiwa hatukuuliza alikuwa akiishi kwa nini.

Wale waliopita chuoni kwa maalim kabla ya kupita skuli watakumbuka kisa cha Sayyidna Abubakar alipopewa ukhalifa mwaka 632. Alikuwa mfanya biashara wa nguo. Kesho yake akajitwika nguo zake akaelekea sokoni kama desturi, akakutana na Umar na Abu Ubaida. Wakamuuliza aenda wapi ilhali ameshika mambo ya Waislamu. Akajibu kwa kuwauliza yeye: watoto wake watakula nini? Basi akakatiwa fungu katika hazina ili aache soko ashughulike na watu. Tunakitaja kisa hiki kwa jambo moja lililo ndani yake. Hakujikatia mwenyewe, alikatiwa na wengine, kwa kiasi kilichojulikana, tena kwa sababu iliyosemwa wazi. Hata wauza nguo wa leo waweza kuielewa biashara ya namna hiyo.

Historia ya hapa petu nayo ina la kusema. Katika karne ya 19 Merere, mtawala wa Wasangu, alipofukuzwa Usangu na Wahehe, aliweka ngome yake Utengule Usongwe, mwendo mfupi tu kutoka soko letu. Zama hizo aliyetawala alijikatia mwenyewe: ng'ombe, pembe, na kazi za mikono ya watu. Wakaja Waingereza. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Machifu wakaachishwa kutoza watu na badala yake wakapewa mshahara katika hazina za wenyeji zilizotokana na kodi. Kwa hesabu ilikuwa nafuu kwa raia, maana kilichokuwa hakina kipimo kilipata kipimo. Lakini aliyekishika kipimo hicho alikuwa Bwana DC, na chifu aliyekuwa akiwaogopa watu wake, maana waliweza kumhama, akaanza kumwogopa DC ambaye aliweza kumkatia mshahara. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa. Wengi wao walianguka bila ya kuliliwa, na sisi twadhani kuwa watu hawamlilii mtumishi wa mtu mwingine.

Basi kuna khatari mbili, na sheria tuitakayo lazima izikwepe zote. Moja ni mtawala ajikatiaye. Ya pili ni mtumishi akatiwaye na mkubwa mmoja.

Khatari ya kwanza tumeiona juu, Bungeni. Mwaka 2011 posho ya kikao ya Mbunge ilipandishwa kutoka shilingi 70,000 hata 200,000 kwa siku. Wananchi walipata khabari kwenye magazeti, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba maisha ya Dodoma ni ghali. Kana kwamba mwalimu wa Dodoma huishi Pemba! Mwaka huo huo alikuwako Mbunge, Bwana Zitto Kabwe, aliyekuwa amekataa kuchukua posho za vikao, akasema kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2014 likaja Bunge Maalum la Katiba. Mjumbe alilipwa shilingi 300,000 kwa siku, na wakatokea waliolalamika kuwa hazitoshi. Wekeni hesabu hiyo kando ya ile ya diwani: siku moja ya mjumbe mwaka 2014 yakaribia mwezi mzima wa diwani mwaka 2021. Na katiba yenyewe haijapatikana.

Posho ya kikao ina ila nyingine tusiyoweza kuipita kimya. Hulipa makalio, hailipi akili. Kikao cha siku moja huwa siku mbili, ziara ya kukagua darasa moja huhitaji kamati nzima na magari matatu. Na pale fedha zisipokuwepo, vikao vinavyotakiwa kwa sheria huahirishwa, na hesabu za robo mwaka hulala bila ya kusomwa. Posho hiyo huzidisha vikao visivyo na haja na kuua vyenye haja.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ikaipa kazi ya kupanga na kupitia malipo ya maofisa wote wa dola. Na katika hao wamo magavana na wajumbe wa mabaraza ya kaunti zote 47. Yaani diwani wa Mombasa au wa Lamu hapangiwi na gavana wake, wala hajipangii. Tume hiyo haikupata usingizi. Mwaka 2013 iliwapangia Wabunge shilingi za Kenya 532,500 kwa mwezi, nao wakataka 851,000 walizokuwa wakipata waliowatangulia. Mei mwaka huo wananchi wenye hasira walipeleka nguruwe mlangoni pa Bunge mjini Nairobi. Mwisho mshahara ulibaki ule wa Tume, lakini Wabunge wakapewa shilingi milioni 5 kila mmoja za kununulia gari. Mlango ulifungwa, dirisha likafunguliwa. Hata hivyo Mkenya alijua ni kiasi gani, aliyekipanga ni nani, na aliyekikataa ni nani. Sisi hata la kugombania hatunalo mkononi.

Uganda nayo iliandika katika Sheria yake ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 kwamba malipo ya madiwani yasipite sehemu fulani ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Sehemu hiyo ni asilimia 20. Twaisifu nia: anayetaka posho akusanye kwanza. Lakini mwaka 2005 kodi ya kichwa iliyokuwa nguzo ya mapato hayo ikasimamishwa na Serikali ya juu, na asilimia 20 ya kidogo ni kidogo zaidi. Wilaya maskini zikashindwa hata kuitisha mabaraza. Hilo latufundisha kuwa ukomo peke yake hautoshi ikiwa kodi yenyewe i mikononi mwa mwingine.

Wako watakaotuambia kuwa utumishi wa watu ni wa kujitolea, na mwenye kutaka fedha afungue duka. Sisi tunalo duka, na twawajibu. Uingereza iliyafuata maneno hayo kwa muda mrefu. Mwaka 1838 wafanya kazi wa huko waliandika katika madai yao sita kwamba Wabunge walipwe, kwa sababu maskini hakuweza kukaa Bungeni akaacha kiwanda. Waliwangoja hata mwaka 1911 ndipo Mbunge akalipwa, pauni 400 kwa mwaka. Katika miaka hiyo yote ya kujitolea, Bunge lilikuwa la wenye mashamba na wenye mabenki. Ukimwambia diwani wa Mbalizi ajitolee, umewaambia wenye malori wachukue viti vyote. Mkulima wa viazi hataweza.

Na Wamarekani wana kifungu kimoja ambacho sisi twakitamani. Mwaka 1789 kulipendekezwa rekebisho la Katiba yao kwamba mabadiliko yoyote ya malipo ya wajumbe wa Bunge lao yasianze kutumika hata uchaguzi mwingine upite katikati. Rekebisho hilo lilikaa zaidi ya miaka 200, likakamilishwa mwaka 1992. Ni maneno machache, na nguvu yake ni hii: anayepiga kura ya kupandisha hajui kama ni yeye atakayekula, na mpiga kura hupata nafasi ya kusema lake kabla sahani haijaletwa.

Basi twataka nini? Twataka Bunge litunge sheria, au liongeze sehemu katika zile sheria za mwaka 1982, iandikwe ndani yake malipo ya diwani, ya mwenyekiti wa halmashauri na ya meya, kwa tarakimu katika jedwali, kama viandikwavyo viwango vya kodi. Kiwango kipendekezwe na chombo kisichokuwa cha Waziri wala cha madiwani wenyewe, na sababu zake zichapwe. Kila miaka mitano kipitiwe, lakini badiliko lianze kwa baraza litakalochaguliwa baadaye. Fedha zitoke katika Mfuko Mkuu wa Hazina kwa nguvu ya sheria, kama zitokavyo za maofisa wanaolindwa hivyo na Katiba, wala isiwe kwa mwaka huu kuna na mwaka ujao tutazame. Posho ya kikao iingizwe ndani ya malipo ya mwezi, na asiyehudhuria akatwe. Na kila halmashauri ibandike mlangoni, kwa Kiswahili, kila diwani alilipwa nini kwa mwaka mzima, pamoja na nauli na malazi, maana tumeona Nairobi kuwa fedha hupita dirishani.

Tumeulizwa na rafiki mmoja: bei zikipanda katikati ya miaka mitano, diwani afanye nini? Afanye kama tufanyavyo sote. Mkataba wa pango la duka letu ni wa miaka, na mwenye nyumba hatupandishii kila gunia la unga lipandapo. Tena diwani alijua kiwango alipochukua fomu.

Lipo neno la utaratibu ambalo wasemaji wa mikutano hulisahau. Kwa ibara ya 99 ya Katiba, Bunge halishughulikii mswada wa kutoa fedha katika Mfuko Mkuu isipokuwa umependekezwa na Rais na kuletwa na Waziri. Mbunge mmoja mwenye huruma hawezi kuuleta peke yake. Kwa hivyo mgombea yeyote ajaye Mbalizi kutuambia kuwa yeye akichaguliwa ataleta mswada wa madiwani, aulizwe Waziri gani amekubali kuubeba. Na anayeweza kuubeba ndiye huyo huyo ambaye leo waraka u mezani pake. Hatutazamii kuwa ataukimbilia. Ndiyo sababu twaandika.

Kwenu visiwani sheria ni nyingine, Sheria ya Mamlaka ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014, iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi. Diwani wenu ni wa wadi, na sheha aliye jirani naye ni wa kuteuliwa. Lakini swali halivuki maji likabadilika. Diwani wenu akipita barazani mpeni kahawa, kisha mwulizeni alipwa kiasi gani, na karatasi iliyoandikwa kiasi hicho iliandikwa na nani. Akilijibu bila ya kutazama pembeni, tuleteeni khabari tuichape.

Limebaki la mwisho, nalo laumiza kuliko yote. Mbalizi ni Mamlaka ya Mji Mdogo, na baraza lake ni la wenyeviti wa vitongoji, waliochaguliwa na watu kama alivyochaguliwa diwani. Wakati wenzao wa ngazi ya kata walipotajwa katika hotuba ya mwaka 2021, na hata watendaji wa kata walioajiriwa wakaongezewa shilingi 100,000 kwa mwezi, wenyeviti hawa hawakuingizwa katika fungu hilo. Ndio wanaopatanisha ugomvi wa mipaka saa nne usiku. Ndio wanaoandika barua ya kumtambulisha mtu benki, polisi, hospitali na mahakamani. Na mwananchi akienda kuitaka barua hiyo huambiwa atoe “ya wino”, elfu moja, elfu mbili, bila ya risiti. Serikali imekwisha kuwakataza mara nyingi wasitoze. Haijapata kuwaambia wale nini. Mteja wetu mmoja, mama mwenye kuuza mkaa, alikuja wiki iliyopita kukopa elfu mbili hizo ili apate muhuri, apate barua, apate kufungua akaunti ya kikundi. Tulimpa, na jina lake limo daftarini.